Bwawa la Nyuma ya Jiko

Mwanangu amechimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yake, hapa Musinzira, mjini Gitega. Wao wanaliita pisini. Ndani limepakwa rangi ya buluu, lina ngazi ya chuma, na pembeni wameweka viti vya kulalia ambavyo mimi nikishakaa siwezi kuinuka. Maji ya bomba mtaa huu huja yanapotaka, kwa hiyo lori ndilo linaloleta ya kulijaza. Linapita njia yetu ya vumbi likidondosha maji, na watoto wa majirani wanalifuata nyuma na vikombe. Hayo sikuhadithiwa, nimeyaona mwenyewe nikiwa barazani nachambua maharage.

Jumapili ile mjukuu wangu alipopata komunyo ya kwanza kule Mushasha, wageni walikuja wakalizunguka bwawa, wakapiga picha, na hakuna aliyeingia, maana wote walikuwa na nguo za gharama. Mkwe wangu akaniambia, "Mama, vua viatu basi, tia hata vidole." Nikamwambia vidole vyangu havijalalamika joto. Wakacheka. Wageni walipokwisha kuondoka, mwanangu akavuta kigoda akakaa karibu nami. Ni mtoto mwenye adabu. Akasema watu wengine wanamwambia ametupa mali yake shimoni, wengine wanamwambia amefanya la maana, atalikodisha kwa harusi na litajilipa lenyewe. "We unaonaje, Mama? Lina faida au halina?"

Sikumjibu siku ile. Alidhani nimechoka. Kumbe nilikuwa nimekwenda mbali, nimerudi Gasorwe, nyuma ya jiko la mama yangu, kwenye bwawa la kwanza nililoliona katika maisha yangu. Nalo pia lilikuwa la kuogelea.

Wewe unayesoma, kaa nami kidogo. Naandika polepole kwa sababu shule niliiacha mapema, lakini sina haraka ya kwenda popote.

Nilikuwa msichana wa kubeba kibuyu, bado sijakabidhiwa mtungi mkubwa, tuliporudi kutoka Tanzania. Watu walisema amani imerudi, na baba akaamini. Tulikuwa baba, mama, bibi aliyemzaa baba, mimi na wadogo zangu. Tulivuka mpaka juu ya lori, tukashushwa Muyinga mjini, na kutoka hapo tukatembea hadi kilimani kwetu Gasorwe, bibi akiwa mbele. Miaka yote ya ukimbizi nilimjua bibi kama mtu wa kukaa chini na kuamuru. Siku ile tulishindwa kumfikia.

Wakubwa walikuwa na hofu moja na sisi watoto tuliipata kutoka kwao, kama unavyopata mafua. Tutamkuta nani kwenye shamba letu? Njiani tulikuwa tumesikia habari za watu waliorudi wakakuta mgeni amejenga juu ya makaburi yao, na alipoulizwa akaenda kuchukua panga.

Tulimkuta mjane. Nyumba yake ilikuwa chini ya kiwanja chetu, na kati yetu na yeye kulikuwa na safu ya minyaa iliyopandwa na babu. Ni kweli alikuwa analima shamba letu, tangu tulipokimbia. Alituona tunapanda, akaweka jembe chini, akamkumbatia bibi. Kesho yake asubuhi alimshika bibi mkono wakazunguka mpaka wote, mnyaa kwa mnyaa, wazee wa kilima wakishuhudia. Akasema alilima ili msitu usije ukalimeza, na kwamba maharage yaliyokuwa yamesimama mle tutavuna sisi. Aliomba jambo moja tu, aendelee kuloweka muhogo wake kwenye madimbwi yetu kule bondeni. Bibi akamwambia hilo si la kuomba, aliyemzuia nani.

Usiku ule, ndipo baba alipolala. Mama alituambia hivyo baadaye. Tulikuwa tumepata kukaa.

Sasa nikueleze madimbwi, maana siku hizi hata watu wa vijijini hawayajui. Muhogo wa kilima chetu ulikuwa mchungu. Tuliupenda hivyo hivyo, kwa sababu nguruwe hauli na mwizi haung'oi. Lakini mchungu hauliwi tu. Unaumenya, unauloweka siku kadhaa mpaka unavunjika mkononi kama mkate uliotiwa chai, ndipo unauanika na kuutwanga. Ukiutoa kabla haujaiva majini, una sumu ndani yake. Hata maji yake mbuzi akiyanywa anakufa. Kazi hiyo Kirundi tunaiita kwinika, nayo ni kazi ya kiangazi, jua likiwepo la kuanikia. Babu alikuwa amechimba madimbwi bondeni, mahali kijito kilipoingia kwenye udongo wa mfinyanzi, na nyumba zote za upande ule ziliyatumia. Kila dimbwi lilikuwa na mawe yake ya kugandamizia.

Harufu yake sitakudanganya. Ni harufu ya mtu aliyelala na viatu. Inakaa mikononi, inakaa kwenye nguo, na mwalimu wetu alikuwa akifungua dirisha tulipoingia darasani. Lakini pale madimbwini ndipo kina mama walipocheka. Visu vinakwangua, maganda yanarundikana, vyura wanaruka, na mama mmoja mnene alikuwa na desturi ya kuchovya mkono katika dimbwi la mwenzake, kunusa vidole, na kutoa hukumu. "Huu bado mgumu. Mwenyewe amezoea kungoja, mumewe ndivyo alivyo." Wenzake walianguka kwa kicheko, na sisi wasichana tulicheka pia bila kujua tunacheka nini. Muhogo uliolainika vizuri tulitengewa kidogo, ukapondwa, ukafungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa. Huo ni ubuswage. Tuliula na karanga tukiwa bado na maji miguuni.

Mjane alikuwa na binti wa umri wangu. Wanawe wakubwa walikuwa wametawanyika, na huyu ndiye aliyebaki naye. Watoto wa kilima walituita Watanzania, wakaiga Kirundi chetu kilichopinda, wakasema tunaongea kama watu wenye ndizi ya moto mdomoni. Yule binti hakuiga. Alinishika mkono na kunirudishia neno polepole, kisha ananiambia nimwambie yeye kwa Kiswahili. Nilimfundisha kuhesabu, kutukana kidogo, na kusalimia wakubwa. Alimsalimia baba "shikamoo" kila alipomwona, hata mara nyingi kwa siku moja, kwa sababu alipenda jibu lake.

Na baba nimweleze. Huko Tanzania alifanya kazi katika shamba kubwa la miwa, na kazi yake haikuwa ya kukata miwa. Alikuwa wa nyumbani kwa meneja. Nyuma ya nyumba ya meneja kulikuwa na bwawa la kuogelea, na baba ndiye aliyelitunza. Kila asubuhi alichota majani kwa wavu mrefu, akasugua kingo, akatia dawa. Alifanya hivyo miaka mingi na hakuruhusiwa hata kunawa miguu mle. Siku moja, kwa joto, alitia mkono hadi kwenye kiwiko, na mke wa meneja akampigia kelele kutoka dirishani mbele ya watoto. Baba hakulisahau. Alikuwa akitusimulia jioni kwa kicheko, lakini mwishoni alisema kila mara kwamba siku akirudi kwao atachimba lake, watoto wake waogelee, na hatamwomba mtu ruhusa. Tulidhani ni hadithi.

Kiangazi cha kwanza baada ya kurudi, maharage yakiwa yamevunwa, akaanza kuchimba.

Alichagua nyuma ya jiko, kwa sababu kijito kilipita pale. Chemchemi ilikuwa juu kidogo ya kiwanja chetu. Maji yalitoka chini ya jiwe, yakateremka nyuma ya jiko letu, yakapita kando ya nyumba ya mjane na kwenda bondeni. Baba alipima pembe kwa kamba na vijiti. Alibeba saruji kutoka Muyinga kwa akiba yake ya shamba la miwa. Alijenga kwa mawe, akapiga plasta, akatengeneza ngazi ya kuteremkia. Watu walikuja kutazama, wengine wakauliza kama ni kaburi la ukoo. Bibi alisimama mlangoni mwa jiko na kijiko mkononi akamuuliza anachimba nini. Baba akamwambia, "Mama, ni la kuogea watoto." Bibi akamwambia beseni lipo.

Lilipokwisha, akaziba kijito kwa mawe na udongo, maji yakaingia. Kiangazi maji ya chemchemi yalikuwa membamba, kama mkono wa mtoto, yakachukua siku nyingi kujaa. Tuliamka kila asubuhi kwenda kuangalia yamefika wapi.

Sasa nikwambie kitu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, hata siku ya ndoa yangu. Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno, na juu yake jua. Unalala chali na kuona mbingu tu na ncha za migomba. Kumbe baba mwenyewe hakujua kuogelea. Angejulia wapi? Aliingia na suruali yake, maji yakamfika kifuani, akasimama katikati ameinua mikono kama mtu anayesimamisha gari, anatabasamu, na hakuthubutu kusogea. Binti wa mjane akamcheka hadi akameza maji. "Shikamoo," akamwambia akiwa bado anakohoa, "umesimama kama mgomba." Baba akacheka naye. Sisi tulijifunza ndani ya siku chache, yeye hakujifunza kamwe. Asubuhi, kabla hatujaamka, alikuwa ameshona wavu kwa gunia la sukari, ameufunga kwenye mwanzi, anachota majani. Alifanya vile vile alivyofanya kwa meneja, hata namna ya kukung'uta.

Alidhani likijaa maji yatafurika na kuendelea chini kama kawaida. Lakini kuta zilipasuka mahali asipopaona, na maji yakawa yanaishia ardhini. Lilitaka kujazwa kila siku. Kijito hakikushuka tena. Bondeni madimbwi yalishuka, yakawa tope, halafu tope likakauka na kuonyesha yale mawe. Na ulikuwa msimu wenyewe wa muhogo.

Kina mama wenye mabinti wakubwa na waume walibeba muhogo wao hadi mto wa kilima cha pili, kwenye madimbwi ya watu wengine, wakasubiri zamu. Wazee walikuja kumwona baba. Waliongea kwa upole, maana mtu aliyerudi hakaripiwi haraka. Walimwambia maji hayana mlango. Baba akawajibu kwa upole vile vile kwamba maji yanapita kwenye kiwanja chake, na mvua ikianza kila kitu kitakuwa sawa. Wakanywa walichopewa, wakaondoka. Mama, aliyeolewa huko ukimbizini, alikuwa mgeni pale kuliko sisi sote, akajishughulisha na jiko. Bibi aliacha kuzungumza na baba, akawa anatutuma sisi: mwambieni baba yenu chakula kipo.

Siku moja asubuhi mjane akapanda na kikapu cha muhogo uliomenywa kichwani. Mimi na binti yake tulikuwa ndani ya maji. Alikitua kando ya bwawa, akapangusa jasho.

"Jirani," alisema, "bondeni hakuna kitu. Niruhusu niloweke hapa pembeni. Siku chache tu, halafu nautoa."

Baba akashusha wavu. "Mama, humu watoto wanaogelea. Maji ya muhogo unayajua wewe kuliko mimi."

Sauti ya bibi ikatoka jikoni. "Basi watoto watoke."

Baba akatuangalia sisi, akaangalia maji. Naona hata leo uso wake, haukuwa wa ukatili. Akasema, "Nimekaa miaka mingi nikisafisha la mtu mwingine. Hili langu halitanuka muhogo."

Mjane akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeelewa. "Ni kweli," akasema. "Ni zuri. Hata mimi nisingependa linuke." Akamwomba mama amsaidie kujitwisha, akashuka. Binti yake alibaki nasi. Hakumwita.

Nimefikiri juu ya asubuhi ile zaidi ya siku yoyote nyingine niliyoishi. Mtu aliyeturudishia shamba bila kesi, bila panga, bila kutulipisha hata mbegu, alikuja kuomba pembe ya maji yaliyokuwa yakipita mlangoni kwake tangu aolewe pale. Na alipokataliwa akasifia bwawa.

Alikwenda akauloweka muhogo wake nyumbani ndani ya mtungi, kwa maji ya kuchota, machache. Hakuweza kungoja uive, chakula kilikuwa kimekwisha. Aliuanika ukiwa bado mgumu, akautwanga.

Maji yanaleta njaa, kila aliyewahi kuogelea anajua. Alasiri moja tuliogelea mpaka midomo ikawa ya kijivu. Kwetu maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatokota. Sisi tulikula maharage na unga wa mahindi wa kununua, hatukuwa na shida ya muhogo. Binti wa mjane akasema hawezi kungoja, mama yake amesonga ugali. Akashuka mbio akiwa amelowa, nguo mkononi. Alikula sana kwa sababu ya njaa, na mama yake alimwachia sehemu yake pia, kama mama yeyote anavyofanya.

Jua lilikuwa halijazama tuliposikia wanaitana. Alikuwa anatapika, kichwa kinazunguka, miguu haimbebi. Wanaume walileta ngobyi, ile machela yetu ya kusuka, wakambeba mabegani kuelekea kwenye zahanati, baba akiwa wa kwanza kuingiza bega. Katekista alitembea mbele akisali kwa sauti. Sikuruhusiwa kufuata. Niliwaona wanashuka, wanavuka bonde, wanapanda upande wa pili. Halafu nikaona wamesimama. Wakageuka.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa chanzo. Mjane mwenyewe, aliyekula kidogo, alikaa siku kadhaa na kizunguzungu. Baba alipotoka kumlaza yule mtoto nyumbani kwao, alichukua jembe akaenda nyuma ya jiko na kuubomoa ule ukuta wa mawe. Alipiga kama mtu anayeua nyoka. Maji yakashuka kwa kishindo, yakapita kando ya nyumba iliyokuwa inalia, na asubuhi madimbwi yote yalikuwa yamejaa hadi mdomoni. Hakuna mama aliyekwenda.

Kwetu msiba una siku yake ya kufungwa. Watu wanakusanyika, mtungi wa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, unawekwa katikati, na mrija unapita kutoka mkono hadi mkono. Anayepewa mrija yuko pamoja na watu. Haisemwi, kila mtu anajua. Baba alivaa koti lake la Tanzania, akakaa kwenye duara la wanaume uani kwa mjane, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye minyaa naangalia. Mrija ukaanza kwa mzee mkubwa. Ukaja, ukaja, ukafika kwa mtu aliyekaa kushoto kwa baba. Akanywa, akafuta ncha kwa kiganja, akanyoosha mkono kupita magoti ya baba na kumpa wa kulia. Hakuna aliyemtazama. Mazungumzo yaliendelea, walikuwa wanaongea habari za mvua. Mjane hakuwepo pale uani, alikuwa ndani na wanawake.

Baba alikaa mpaka mrija ulipozunguka tena na kumpita tena. Ndipo akainuka, akapangusa suruali, akarudi nyumbani.

"Tumeambiwa tuondoke," alimwambia mama.

Bibi, aliyekuwa hasemi naye ana kwa ana kwa wiki nyingi, akamgeukia. "Nani amekuambia? Mwenye mtoto amekuambia?"

"Kilima kimeniambia."

"Ingia ndani kwake ukamuulize yeye."

Hakwenda. Alisema hana uso wa kuingilia mlango ule. Siku ya kuondoka bibi alipita kuaga peke yake, akakuta nyumba imefungwa. Mjane alikuwa amechukuliwa na kaka zake akapumzike kwao. Baba aliuangalia ule mlango uliofungwa na nikajua kwamba kwake yeye nao ulikuwa jibu. Tukatembea kurudi Muyinga njia ile ile tuliyojia, na safari hii bibi alikuwa nyuma.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa watu wa Gitega. Baba alipata kazi ya bustani Mushasha, kwa mapadri, akaifanya mpaka mgongo ulipokataa. Hakutaja Gasorwe, nasi hatukutaja. Bibi alinunua unga wa muhogo sokoni, akaunusa kila mara kabla ya kulipa, na hakuridhika na hata mmoja mpaka alipokufa. Mimi niliolewa, nikauza unga huo huo miaka mingi katika soko lile, nikazika mume, nikasomesha watoto. Kukawa na vita vingine, ikaja amani nyingine, watu wengine wakakimbia na wengine wakarudi. Kila lori la wanaorudi lilipopita nilisimama nikaangalia nyuso zao. Sisi tulikuwa na nchi, tulikuwa na amani, na shamba tulikuwa nalo, siku moja tu ya barabara. Hatukwenda.

Nilimweleza mwanangu haya yote, siku nyingine, kando ya lile bwawa lake la buluu. Alisikiliza hadi mwisho bila kugusa simu. Kisha akasema, "Pole, Mama. Lakini hapa Gitega hakuna mtu anayeloweka muhogo. Mi simnyimi mtu."

Ni kweli, na ndilo lililoniuma. Hakuna anayeloweka. Unga unakuja kwenye magunia, na maji yanakuja kwa lori, na hakuna anayejua yametoka kilima gani na nani alikuwa chini yake. Baba yangu angalau alijua jina la aliyeyakosa. Nikamwambia mwanangu nilichoona: faida ipo, siikatai, mimi niliipata kwa mwili wangu na sijaipata tena. Watoto wako watakumbuka maji haya mpaka uzee. Lakini usiniulize kama inatosheleza gharama, kwa sababu sisi hatukulipa. Alilipa jirani. Basi mwenye kuulizwa ni yeye. Jirani yako anayelipa ni nani, nenda kwanza ukamtafute. Hakupenda jibu hilo. Bwawa lipo bado, wanaogelea Jumamosi.

Lakini baada ya hapo alinipeleka Gasorwe kwa gari lake, bila mimi kumwomba.

Sikupajua. Chemchemi imejengewa na kufungiwa bomba, watu wanapanga mabidoni, yale madumu yao ya maji. Bondeni ni bustani za kabichi, madimbwi yamefukiwa, na nilipouliza wasichana wanaloweka wapi muhogo walinitazama kwa huruma, wakanionyesha mashine ya kusaga. Mjane alikufa zamani. Kwenye nyumba yake nilimkuta mjukuu wake, binti wa mmoja wa wale wana waliokuwa wametawanyika, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alinipa kiti, akanipa maji.

Kilima chote kimelimwa. Wamelima hadi kwenye kingo za barabara, wamelima mpaka mlangoni, kwa sababu ardhi haitoshi tena na ndugu wanashtakiana kwa hatua moja ya mgunda. Kiwanja chetu tu ndicho kilikuwa nyasi. Minyaa imekuwa miti mikubwa, na ndani yake hakuna hata shina moja la maharage. Nikajua ndiyo hasira ya mjane. Mara ya kwanza tulipoondoka alililima. Mara ya pili hakutaka hata jembe lake liguse udongo wetu. Nilimwelewa. Niliuliza tu kwa sababu nilikuwa nimekwisha fika.

"Hapo bibi yetu alikataza," yule mwanamke akasema. "Alisema lina wenyewe, Watanzania. Alisema mara ile alilima na ikawa vizuri, lakini sasa wameondoka na uchungu, wakirudi wakamkuta analima watafikiri amelichukua. Akasema tukate nyasi tu, tusilime. Hao watu wakiondoka huwa wanarudi."

Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Alisema hivyo lini?" nikauliza.

"Tangu niko mdogo. Mpaka anakufa. Kila kiangazi alikuwa anatuuliza kama tumeona mtu njiani." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Kwani unawajua, Bibi?"

Nikamwambia ni mimi.

Aliniangalia kutoka kichwa hadi viatu, hakupiga kelele, hakulia. Akaniuliza, "Mbona mmechelewa?" kwa sauti ya kawaida tu, kama unavyomuuliza mtu aliyefika chakula kimekwisha poa.

Swali lile halikuwa langu. Lilikuwa la baba, na baba amelala kwenye makaburi ya Gitega akijua alifukuzwa. Bibi angeweza kulijibu, naye amelala kando yake. Mimi ndiye niliyebaki, na magoti yangu hayawezi tena kuinama kwenye jembe. Tulikaa pale na yule mwanamke mpaka jua likageuka, tukitazama nyasi. Zilikuwa zimekatwa vizuri.